Cheti cha mazingira hakizibi ufa wa bwawa

Wakia ya dhahabu iliyochimbwa katika mgodi wenye cheti cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira huuzwa katika soko la dunia kwa bei ileile ya wakia iliyotoka katika mgodi usio nacho. Dhahabu ikishasafishwa haina kabila wala ukoo. Mnunuzi hapimi kama ilitoka Bulyanhulu, Geita au Ghana. Kwa nini basi kampuni kubwa za madini zinatumia fedha nyingi, mwaka baada ya mwaka, kuwalipa wakaguzi wa kuthibitisha kwamba zinasimamia mazingira ipasavyo? Je, fedha hizo hurudi? Na zikirudi, hurudi kwa nani?

Maswali haya si ya wahasibu peke yao. Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, ni jirani wa mgodi wa Bulyanhulu, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2001 na ambao huchimbwa chini ya ardhi. Katika maeneo kama haya riziki za familia nyingi zimefungamana na afya ya mgodi: mshahara wa baba, zabuni ya mjomba, banda la chakula la mama, na ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri. Vilevile afya ya familia hizo imefungamana na mgodi kwa njia nyingine: maji ya kisima, vumbi la barabarani, na usalama wa bwawa la topesumu. Kwa hiyo cheti cha mazingira cha mgodi kinamhusu mwenye hisa aliye ng'ambo, na kinamhusu pia mama anayeteka maji jioni.

Cheti hiki ni kitu gani?

Kiwango kinachozungumzwa zaidi ni ISO 14001. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na Shirika la Kimataifa la Viwango, lenye makao yake Geneva, Uswisi, kikafanyiwa marekebisho mwaka 2004 na tena mwaka 2015. Wengi hudhani kwamba kiwango hiki hutaja kiasi cha sumu kinachoruhusiwa katika maji, au urefu wa kuta za bwawa. Sivyo. Mipaka ya namna hiyo huwekwa na sheria za nchi. ISO 14001 hudai utaratibu: taasisi iorodheshe kila shughuli yake inayoweza kudhuru ardhi, maji, hewa na viumbe, ijue sheria zinazoihusu, ijiwekee malengo, iwape watu majukumu yenye majina, ipime matokeo, ijikague, kisha irekebishe kasoro na kuanza upya. Kwa ufupi: panga, tenda, kagua, rekebisha.

Shirika hilo la Geneva lenyewe halimpi mtu cheti. Cheti hutolewa na kampuni huru za ukaguzi, hudumu kwa miaka 3, na katika kipindi hicho wakaguzi hurudi mara kwa mara, kwa kawaida kila mwaka. Mwenye cheti akipuuza kasoro alizoonyeshwa, anaweza kunyang'anywa.

Ni muhimu kutochanganya cheti hiki na kile cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ambacho ni cha lazima chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa pamoja na wengine na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kile cha Tathmini ni ruhusa ya kuanza mradi. ISO 14001 ni hiari. Ni ahadi ambayo kampuni hujiwekea na kumwalika mtu wa nje aje kuikagua. Barrick, ambayo ndiyo inayoendesha Bulyanhulu na North Mara, imetangaza kuwa migodi yake inayofanya kazi imethibitishwa kwa kiwango hiki. Geita nako, AngloGold Ashanti imekifanya kuwa sehemu ya utaratibu wake.

Kuna na ahadi nyingine ya hiari iliyozaliwa na maafa. Tarehe 30 Januari 2000, bwawa la mgodi wa dhahabu wa Baia Mare nchini Romania lilipasuka, na takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sianidi zikaingia katika mito hadi Danube, zikiua samaki katika nchi zaidi ya moja. Kutokana na tukio hilo ikaandikwa Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Sianidi, ambayo pia ina wakaguzi wake wa nje, wanaorudi kila baada ya miaka 3. Mgodi wa Geita ni miongoni mwa iliyojiunga.

Faida hutoka wapi?

Kwa kuwa bei ya dhahabu haibadiliki kwa sababu ya cheti, faida ya mgodi haitafutwi katika bei. Inatafutwa katika matumizi, katika mikopo, na zaidi ya yote katika hasara isiyotokea.

Tuanze na matumizi. Mgodi unaolazimika kupima kila lita ya dizeli, kila uniti ya umeme na kila kilo ya sianidi huanza kuona mahali vinapovuja. Maji yanayorudishwa kutoka bwawani na kutumiwa tena mtamboni ni maji ambayo hayakulazimika kuvutwa kwa pampu kutoka mbali. Oili chafu inayokusanywa vizuri huuzwa kwa wanaoitumia tena. Ile inayomwagika ardhini hulipiwa mara mbili, kwanza iliponunuliwa, na tena udongo unapolazimika kusafishwa.

Pili ni mitaji. Mgodi hujengwa kwa fedha nyingi kabla haujatoa hata gramu moja. Bulyanhulu yenyewe ilipojengwa, shirika la Benki ya Dunia linalodhamini uwekezaji, MIGA, liliutolea dhamana ya dola milioni 172 mwaka 2000, na dhamana kama hizo huja na masharti ya mazingira na jamii. Tangu mwaka 2003 benki nyingi kubwa duniani zimejifunga kwa kanuni ziitwazo Equator, zinazozitaka zichunguze madhara ya mradi kabla ya kuukopesha. Mfumo uliothibitishwa haumpi mkopaji fedha moja kwa moja, lakini humpa majibu tayari pale mwenye fedha anapouliza.

Katika biashara nyingine cheti huwa ndiyo tiketi ya kuingilia sokoni. Mwaka 1999 kampuni za magari za Ford na General Motors ziliwatangazia wanaoziuzia vipuri kwamba watapaswa kuwa na ISO 14001 ndani ya miaka michache. Kwa mwenye kiwanda cha vipuri, faida ya cheti haikuhitaji tena kupigiwa hesabu: asiye nacho alihatarisha kumpoteza mteja.

Usipoziba ufa

Hata hivyo, faida kubwa ni ile isiyoonekana katika vitabu vya hesabu, yaani hasara iliyoepukwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kanda yetu imeshuhudia maana ya methali hiyo.

Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna aliyepoteza maisha, lakini tope lilifunika nyumba na mashamba katika vijiji vya jirani vya Ng'wang'holo na Nyenze na kuharibu vyanzo vya maji. Upande wa biashara, mgodi huo, ambao historia yake inaanzia mwaka 1940, ulisimamisha uzalishaji na haukuanza tena hadi Julai 2023. Zaidi ya nusu mwaka bila kuuza almasi mpya, huku mishahara, fidia na ujenzi wa bwawa jingine vikihitaji kulipiwa. Hakuna ada ya ukaguzi inayokaribia gharama hiyo.

Mfano wa pili ni North Mara, wilayani Tarime. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kutokana na uvujaji katika bwawa lake la topesumu, na Julai mwaka huohuo mgodi ukaamriwa kusitisha matumizi ya bwawa hilo. Mgodi usio na mahali pa kupeleka mabaki hauwezi kuendelea kuchenjua. Mawe hujaa juu na mtambo hukaa kimya. Amri hiyo iliondolewa Septemba, wakati Barrick ilipokuwa ikiuchukua mgodi kikamilifu kutoka kwa Acacia. Kazi ya kupunguza maji yaliyokuwa yamejaa bwawani na kupanua uwezo wa kuyasafisha ikafuata baadaye, tena kwa gharama.

Katika hesabu za namna hii Serikali nayo si mtazamaji. Kupitia kampuni ya Twiga iliyoanzishwa baada ya makubaliano kati ya Barrick na Serikali, Watanzania wanamiliki asilimia 16 ya Bulyanhulu na North Mara. Mtambo ukisimama kwa sababu ya uzembe wa mazingira, hasara inagusa gawio la Hazina, mrabaha, na ushuru unaotarajiwa na halmashauri kujenga madarasa na zahanati.

Karatasi isiyo na roho

Je, tuhitimishe kwamba mwenye cheti yu salama? Historia inakataa.

Kampuni ya Samarco ya Brazil, inayomilikiwa na Vale na BHP, ilipata cheti cha ISO 14001 tangu mwaka 1998 na ikawa ikitajwa kama mfano wa kuigwa. Tarehe 5 Novemba 2015, bwawa lake la Fundão lilipasuka. Watu 19 walikufa, kijiji cha Bento Rodrigues kikafunikwa, na tope likateremka katika mto Doce hadi bahari ya Atlantiki. Uzalishaji ulisimama kwa takriban miaka 5, na mwaka 2024 kampuni hizo zilikubali makubaliano ya fidia yenye thamani ya reali bilioni 170. Kisha, tarehe 25 Januari 2019, bwawa la Vale lililoko Brumadinho likabomoka na kuua watu 270, ilhali miezi michache tu kabla yake wakaguzi kutoka kampuni mashuhuri walikuwa wametia saini kwamba ni imara.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Mkaguzi wa mfumo hukagua kama utaratibu upo na unafuatwa. Hukaa siku chache, husoma kumbukumbu, huhoji wafanyakazi, kisha huondoka. Ukuta wa bwawa haumsubiri. Isitoshe, mkaguzi hulipwa na yule anayemkagua. Penye uadilifu jambo hilo halina neno. Penye tamaa, cheti hugeuka pambo la ukutani.

Watafiti nao wameliona hili. Mwaka 2005, Matthew Potoski na Aseem Prakash walilinganisha viwanda vya Marekani na kukuta kwamba vilivyokuwa na ISO 14001 vilipunguza uchafuzi haraka zaidi kuliko vingine. Miaka miwili baadaye Olivier Boiral alichapisha uchunguzi wake katika taasisi 9 za Kanada zenye cheti, na picha aliyoiona haikuwa safi vile: mara nyingi utaratibu ulikuwa wa kumridhisha mkaguzi, nyaraka zikiandaliwa haraka siku za ukaguzi zinapokaribia, huku kazi za kila siku zikiendelea kama zamani. Mwaka 2011, Deepa Aravind na Petra Christmann walitenganisha waliotekeleza kiwango kwa dhati na waliokitekeleza juujuu. Wote walikuwa na cheti kilekile, lakini walioonyesha matokeo bora ya mazingira ni wale wa kundi la kwanza.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema cheti huongeza faida, na mwingine akisema ni upotevu wa fedha, huenda wote wanasema kweli, ila wanazungumzia kampuni mbili tofauti. Karatasi ni moja. Walioishika si sawa.

Mzabuni, fundi na mama lishe

Toleo la ISO 14001 la mwaka 2015 lina jambo ambalo wafanyabiashara wadogo wa Bugarama, Kakola na Kahama hawana budi kulifahamu. Linamtaka mwenye cheti asiangalie ndani ya uzio wake tu, bali awaangalie pia wanaomhudumia: msafirishaji, mwenye karakana, anayeondoa vyuma chakavu, anayechukua oili chafu na matairi, anayelisha wafanyakazi. Mgodi unaweza kupata dosari katika ukaguzi kwa sababu ya dereva wa mkandarasi aliyemwaga oili kando ya barabara.

Maana yake ni kwamba masharti ya mazingira yanashuka hadi kwa mzabuni wa kijijini. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zimemfungulia mzawa mlango wa zabuni. Lakini mlangoni hapo ataulizwa taka zake anazipeleka wapi, na kama ana kumbukumbu. Si lazima akimbilie kununua cheti ambacho mtaji wake haukibebi. Aanze na daftari: oili iliyotoka, tarehe, na aliyeichukua. Aweke sakafu ya saruji mahali pa kubadilishia oili. Awafundishe vijana wake nini cha kufanya ikimwagika. Siku atakapokua na kuhitaji kuthibitishwa, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo ni mwanachama wa shirika lile la Geneva, lipo. Atakayelidharau daftari leo asishangae kesho zabuni ikienda kwa kampuni ya Mwanza au Dar es Salaam.

Mchimbaji mdogo na bei ya nyongeza

Tulisema dhahabu ya mgodi mkubwa haipati bei ya ziada kwa sababu ya cheti. Kwa mchimbaji mdogo hali inaweza kuwa tofauti. Katika wilaya ya Busia nchini Uganda, chama cha wachimbaji wadogo cha Syanyonja kilikuwa cha kwanza barani Afrika kupata uthibitisho wa dhahabu ya Fairtrade, mwishoni mwa mwaka 2016. Mfumo huo humhakikishia mchimbaji walau asilimia 95 ya bei ya soko la London, na juu yake dola 2,000 kwa kila kilo, fedha ambazo chama huamua chenyewe kuzitumia kwa maendeleo yao. Kwa upande wao wachimbaji hujifunga kusimamia kemikali kwa uangalifu, kuwalinda watoto na kazi za machimbo, na kufanya kazi kihalali.

Njia hiyo si nyepesi. Chama kisicho na leseni, kumbukumbu wala umoja hakiwezi kuipita. Lakini inajibu hoja ya wanaosema kwamba mazingira ni anasa ya matajiri. Katika ukanda wetu wachimbaji wadogo wengi bado hukamatishia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma hadharani, na wengine huichomea jikoni nyumbani. Mvuke wake hauonekani, lakini hudhuru mishipa ya fahamu, na anayeumia zaidi ni mtoto, pamoja na yule aliye bado tumboni mwa mama yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Hata kabla ya kuota bei ya nyongeza, familia inayomiliki kifaa cha kunasia mvuke na kuchomea mbali na makazi imekwisha kupata faida: zebaki iliyonaswa hutumiwa tena badala ya kununuliwa upya, na mtoto amebaki salama.

Jirani naye ana swali la kuuliza

Kiwango hiki humtaka mwenye cheti awatambue wote wenye maslahi na shughuli zake na kuzingatia mahitaji yao, na wanavijiji wamo katika hesabu hiyo. Basi katika mkutano wa kijiji, pamoja na kuomba darasa na barabara, ni haki kuuliza haya: Maji ya visima vilivyo karibu hupimwa mara ngapi, na majibu hubandikwa wapi? Mkaguzi aliyekuja mwisho alikuta dosari gani, na zimerekebishwa? Bwawa la topesumu likipata ufa usiku, nani atatuarifu, na tukimbilie upande gani? Siku mgodi utakapofungwa, kama Buzwagi ulivyosimamisha uzalishaji mwaka 2021, ardhi itaachwa katika hali gani?

Maswali hayo hayamwonei mwekezaji, bali yanamsaidia. Mkaguzi huja kwa siku chache na kuondoka. Jirani yupo siku zote. Yeye ndiye wa kwanza kuona maji yamebadilika rangi, mbuzi wamekataa kunywa, au unyevu umejitokeza chini ya ukuta wakati wa kiangazi. Kampuni inayomsikiliza hupata onyo la mapema ambalo hakuna ada inayoweza kulinunua. Inayomfukuza hupata habari pamoja na mafuriko.

Dhahabu ya Bulyanhulu itakwisha siku moja, kama ilivyo kila neema ya ardhini. Maji, udongo na watoto watabaki. Cheti ni ahadi iliyoandikwa, na ahadi ni deni. Mwenye mgodi anayelilipa deni hilo kila siku, kwenye pampu, kwenye ukuta wa bwawa na kwenye daftari la majirani, atakuta biashara yake imedumu na jina lake limesafika. Anayelilipa kwa fremu ya kioo ukutani asidhani amelimaliza. Siku litakapodaiwa, litadaiwa lote kwa mara moja.